Je, wajua? Huko Indonesia asiye Mwislamu anaweza kupata fungu kwenye mali ya Mwislamu na bado asiwe mrithi

Kila mjadala wa mirathi ukipamba moto lazima atokee mtu wa kusema Indonesia, nchi yenye Waislamu wengi kuliko zote duniani, mahakama zake zimeruhusu Mkristo amrithi Mwislamu. Mwenye kufurahi anasema wenzetu wameendelea, mwenye kukasirika anasema wameichezea dini, na wote wawili wameteleza palepale. Mahakama ya Juu ya kule haijasema mtoto Mkristo anarithi. Imesema harithi, siyo mrithi kabisa, halafu ikampa kipimo kilekile ambacho angepata kama angekuwa mrithi. Hiyo siyo lugha ya kuzungukazunguka, ni milango miwili tofauti ya sheria, na ukiichanganya huelewi tena kesi hata moja.

Msingi kwanza, fasta. Hadithi ya Usama bin Zayd inasema Mwislamu hamrithi kafiri wala kafiri hamrithi Mwislamu, na fiqhi, yani sheria ya Kiislamu, imejengwa hapo. Indonesia nao wana Mkusanyo wa Sheria za Kiislamu, ulitoka kwa agizo la rais mwaka 1991, na kifungu cha 171 kinasema wazi mrithi awe Mwislamu wakati marehemu anakufa. Hiyo haijafutwa mpaka leo.

Sasa ikaja kesi ya Jakarta. Wazazi Waislamu wamefariki, watoto kadhaa, binti mmoja amekuwa Mkristo. Mahakama ya dini ya mwanzo, ile ya mambo ya Waislamu, ikamwambia hana kitu. Akakata rufaa, mahakama ya rufaa ikasema sawa, siyo mrithi, ila apewe robo tatu ya fungu la binti Mwislamu. Ikafika Mahakama ya Juu, na mwaka 1998 ikasema apewe sawasawa na binti Mwislamu, kwa njia ya wasia wa lazima. Yani sifuri, robo tatu, kamili, na ngazi zote tatu zinakubaliana kwamba huyu siyo mrithi! Mwaka uliofuata wakaamua vivyo hivyo kwenye kesi nyingine.

Huo wasia wa lazima ndo unaochanganya watu, basi chukua sufuria kubwa la pilau la shughuli. Limeiva, lakini kabla hujampakulia mtu unawalipa kwanza waliokopesha mchele na nyama, hapo ndo gharama za mazishi na madeni. Kisha unachota bakuli la pembeni, la wale ambao mwenye shughuli alisema wapelekewe hata kama hawakai jamvini, na bakuli hilo lisizidi theluthi ya kilichobaki. Ukimaliza ndo unawapakulia waliokaa jamvini kwa vipimo vyao, mke chake, mama chake, mtoto wa kiume mara mbili ya wa kike. Mrithi ni aliyekaa jamvini. Binti aliyebadili dini hana nafasi pale na hakuna jaji aliyemsogezea mkeka. Ila lile bakuli la pembeni haliulizi dini, maana kumuusia asiye Mwislamu wanazuoni wengi wanakubali toka zamani. Tatizo ni kwamba mzee kafa kimya, hakusema nani apelekewe. Anachofanya jaji ni kushika upawa na kuchota kwa niaba yake, kama vile alisema.

Na wazo la kuchota kwa niaba ya marehemu hawakulitunga Jakarta. Ibn Hazm wa Andalusia, aliyefariki 1064, aliishika aya ya 180 ya Suratul Baqara akasema ndugu wasiorithi, pamoja na wasiorithi kwa sababu ya dini, ni lazima waachiwe wasia, na kama marehemu hakuacha basi utolewe tu kwenye mali yake. Wanazuoni walio wengi hawaendi naye, wanasema hukumu ya aya ile ilifutwa na aya za mirathi. Misri wakaazima mtambo huohuo kwenye sheria namba 71 ya 1946, lakini wao kwa wajukuu ambao baba yao alikufa kabla ya babu. Indonesia wakauweka kifungu cha 209 cha ule Mkusanyo, safari hii kwa mtoto wa kulea na wazazi waliomlea, usizidi theluthi. Dini haijatajwa hapo hata kidogo, majaji ndo walioinyoosha mpaka ikafika kwa binti Mkristo, na mimi naona waliivuta sana ila haikukatika.

Ukiweka namba unaona theluthi inapoanza kubana. Chukua milioni 120 safi baada ya madeni, mtoto wa kiume Mwislamu, binti Mwislamu, binti Mkristo. Wa kiume 60, mabinti 30 kila mmoja, na ile 30 ya Mkristo ni robo, iko ndani ya theluthi. Badilisha sasa, mtoto wa kiume Mwislamu mmoja na mabinti wawili wote Wakristo. Kwa usawa wangetaka 60, nusu ya mali. Ukishika theluthi ya kifungu cha 209 wanaishia 40, yani 20 kila mmoja, wa kiume anabaki na 80. Hapo “sawa na binti Mwislamu” imeshavunjika.

Kesi ya 2010 kutoka mji wa Makassar ndo tamu zaidi. Mume Mwislamu, mke Mkristo, ndoa ya miaka 18 hivi, hakuna mtoto. Mahakama ya Juu ikampa mke nusu ya mali waliyochuma pamoja, ambayo ni yake mwenyewe na mirathi haihusiki, kisha wasia wa lazima wa robo, kipimo cha mke asiye na mtoto. Piga hesabu, kama walichuma 80 anachukua 40 zake, na robo ya 40 za mume ni 10, anaondoka na 50 kati ya 80. Asiye mrithi anatoka na zaidi ya nusu.

Usichukue hii kama sheria iliyokauka lakini. Indonesia wanafuata mfumo wa Kiholanzi, uamuzi wa juu haumfungi jaji wa chini kama mahakama za Kenya au Tanzania zinavyofungwa, kwahiyo wengi wanafuata ila mwingine akiamua tofauti hajavunja sheria. Baraza la maulamaa la kule nalo lilitoa fatwa 2005 kwamba mirathi baina ya dini mbili haipo, mlango uliopo ni hiba, wasia na zawadi. Na mahakama ya dini kule inaangalia dini ya marehemu. Kenya ni kinyume, kifungu cha 170 cha katiba ya 2010 kinataka wahusika wote wawe Waislamu na wakubali kwenda kwa kadhi, mtoto Mkristo akigoma kadhi hana kesi.

Sasa turudi Indonesia, kijijini, maana huko ndo mambo yanaanzia kabla ya jaji yeyote. Watu wengi wanaamini mkuu wa kijiji ndo anatangaza warithi. Hapana, barua ya warithi wanaiandika warithi wenyewe mbele ya mashahidi wawili, mkuu wa kijiji na mkuu wa tarafa wanasaini tu kwamba wameiona. Na hadi 2021 barua hiyo ilienda kwa asili ya mtu, mzawa kwa mkuu wa kijiji, Mchina kwa notari, Mwarabu au Mhindi kwenye ofisi maalum ya serikali, urithi wa Waholanzi huo, kanuni za ardhi zilipobadilishwa ndo ukaondoka. Saini ile haimfanyi mtu mrithi wala haimfuti, mahakama inaweza kuibatilisha. Ila kama ndugu wamemruka dada yao Mkristo, ofisi ya ardhi inaweza kuhamisha hati kwa karatasi hiyohiyo, yeye akabaki wa kukimbilia mahakamani shamba likiwa na jina jingine.

Na kijiji hakiwezi kujitungia sheria ya mirathi pia, japo sheria ya vijiji ya 2014 imewapa mamlaka makubwa, mkuu anachaguliwa kwa kura, kuna baraza, kuna pesa kutoka serikali kuu. Sheria ya serikali za mikoa ya mwaka huohuo imeiweka dini na utoaji haki kwa serikali kuu peke yake, na mirathi imeangukia zote mbili. Kilichobaki kwa mkuu wa kijiji ni kusuluhisha, na hapo kifungu cha 183 cha ule Mkusanyo kinambeba, warithi wakishajua kila mmoja fungu lake wanaruhusiwa kukubaliana wagawane vingine. Dada akipewa shamba kwa maridhiano hayo hakuna aliyehitaji Ibn Hazm.

Mkoa wa Aceh tu ndo wamekwenda mbali zaidi. Kanuni yao namba 9 ya 2008 imeorodhesha migogoro 18 ambayo wazee wa kijiji wanaianza wao, na ugomvi wa familia kuhusu faraidhi, yani mafungu ya mirathi, upo ndani, kwahiyo mkuu wa kijiji na imamu wanakaa na ndugu kabla faili halijafunguliwa, na wasipoelewana ndo inakwenda Mahkamah Syar'iyah, mahakama ya sharia ya huko.