Kwa nini mkono wa mashine ya midoli hushika, kisha huachia njiani?

Aliyewahi kusimama bandarini Kigoma akitazama winchi ikipakia magunia melini anajua inavyofanya kazi: ikishashika imeshika, mpaka mzigo utue. Ndiyo maana tulipokwenda Guangzhou, China, kununua viatu na nguo za watoto, wanawake watatu wa soko la Mwanga, mashine moja ndani ya duka kubwa ilitushangaza sana. Ni sanduku la kioo lililojaa midoli ya manyoya, na juu yake unaning'inia mkono wa chuma wenye vidole vitatu. Unalipa, unausogeza kwa mpini, unabonyeza kitufe, nao unashuka. Wachina huuita mchezo huo zhua wawa, yaani kukamata mdoli.

Mwenzetu mmoja alimtamani dubu wa kahawia, ampelekee mjukuu wake. Mara ya nne vidole vilimkamata dubu shingoni barabara, akapanda navyo, tukapiga vigelegele. Mkono ulipogota juu ukatikisika kidogo, na kwa macho yetu tukaona vidole vinalegea. Dubu akaangukia ukingoni mwa shimo la kutokea, mguu mmoja ukining'inia ndani.

"Dada, umewahi mno kubonyeza," nikamwambia.

Nilimwonea. Hakukosea kitu, na hilo ndilo ninalotaka wasafiri wenzangu walijue.

Je, wajua kwamba nguvu ya vidole vile huipanga mwenye mashine? Ndani ya mkono mna koili ya waya. Umeme ukipita, koili inageuka sumaku na kuvuta kipande cha chuma, nacho hubana vidole. Umeme ukiwa mwingi vidole vinakaza, ukipungua vinalegea. Mashine nyingi za siku hizi zina kipimo cha nguvu ya kushikia kule chini, na kingine cha nguvu ya kubebea mkono ukishafika juu. Hiki cha pili ndicho hupunguzwa. Basi mdoli ananyanyuka, roho inakupaa, halafu anaponyoka pale pale safari ya kwenda shimoni inapoanza. Mtu akiona amekosa kwa kidole kimoja hurudia, na mwenye mashine analijua hilo vizuri.

Baada ya hapo kuna hesabu. Katika mashine za aina hii, mwenyewe huingiza bei ya mchezo, bei ya mdoli na faida anayoitaka, nayo hukokotoa ni mara ngapi vidole vikaze kwelikweli. Tuchukue shilingi zetu: mdoli amenunuliwa 5,000, mchezo mmoja ni 1,000, na mwenyewe anataka nusu ya mapato ibaki kwake. Hapo vidole vitakaza kama mara moja katika michezo kumi. Hiyo tisa mingine, hata uwe na jicho la mvuvi wa Kibirizi, unategemea mdoli anase kwa bahati. Kuvizia zamu ya kumi nako hakusaidii sana, kwa sababu mashine nyingine huichanganya hiyo zamu isitabirike.

Mchezo wenyewe ni wa zamani. Mashine za Marekani za miaka ya 1920 ziliigiza makatapila ya mvuke, yale yaliyochimba Mfereji wa Panama, uliofunguliwa 1914, mwaka ule ule reli ya kati ilipofika Kigoma. Mwaka 1951 sheria ya Marekani iliyodhibiti usafirishaji wa vifaa vya kamari ikazikumba nazo. Kwa Wajapani zilishamiri baada ya kampuni ya Sega kutoa mashine yake iitwayo UFO Catcher mwaka 1985. Huko mara nyingi zawadi hulazwa juu ya fito mbili, na mchezaji huisukuma kidogo kidogo mpaka itumbukie. Zawadi ikikwama, unaweza kumwomba mhudumu aufungue mlango na kuisogeza. Napenda utaratibu huo, maana unaona hatua unayopiga.

Kwa hiyo mkisafiri kikundi, asikimbilie mtu kulipa. Simameni pembeni mtazame wageni wengine wakicheza, na macho yasiwe kwa mdoli, yawe kwenye vidole mkono unapofika juu. Vikifunguka hapo kabla mkono haujaenda pembeni, mashine hiyo bado haijafika zamu ya kutoa. Midoli iliyopangwa ikabanana kama dagaa guniani iacheni. Tafuteni aliyelala peke yake karibu na shimo, kichwa kizito kikiwa upande wa shimo.

Dubu wetu tulimwacha pale ukingoni. Kesho yake, tukiwa kwenye soko la jumla, mwenzetu alinunua wa kufanana naye kwa pesa ndogo kuliko ile iliyoliwa na mashine, akamkunja kwenye begi kati ya jozi za viatu.