Fulana yenye pindo, mji na jina

Mwanangu wa kwanza alipokuwa na miaka sita alichora dau kifuani mwa fulana mpya nyeupe, tanga lake akalipaka wekundu. Ilipofuliwa mara ya pili tanga likabanduka vipande vipande. Alinijia uani ameikumbatia ile fulana, machozi yanamlengalenga. Kosa lilikuwa langu, na mimi ndiye fundi: kazi yangu hapa Bagamoyo ni kuchapa vitambaa kwa mkono. Sikuifua kabla ya kumpa.

Fulana mpya hutoka kiwandani ikiwa na wanga na vilainishi juu ya nyuzi. Ukipaka rangi hapo, inakaa juu ya utando huo bila kuingia kwenye pamba, na utando ukiondoka na maji rangi nayo inaufuata. Basi ifue kwanza kwa sabuni, uisuuze mpaka maji yabaki safi. Sisi wa pwani wenye visima vya maji ya chumvichumvi tuzidishe maji ya mwisho, maana sabuni huganda kwenye nguo. Dawa ya kulainisha nguo usiitie kabisa. Hii ndiyo sababu napenda fulana za mtumba kwa kazi ya watoto: zimekwisha kufuliwa mara nyingi, na pamba yake iko tayari kunywa rangi.

Hakikisha lakini kwamba ni pamba. Kama lebo imekatwa, chomoa uzi mmoja kwenye upindo, uuchome wewe mwenyewe, watoto wakiwa mbali. Pamba huungua kama karatasi na kuacha majivu laini. Poliesta huyeyuka, kisha huganda kama kishanga kigumu.

Sasa uchoraji. Mpe mtoto fulana tupu na brashi, atafanya moja kati ya mawili: ataduwaa, au atajaza rangi yote katikati kwa dakika moja aseme amemaliza. Aliyenitoa kwenye shida hiyo ni mama mkwe wangu. Alitandika kanga yake kwenye mkeka, akawauliza wajukuu, "Hii imeanzia wapi?" Wakazungusha vidole pembezoni. Watoto wetu wamebebwa kwa kanga tangu wakiwa wachanga. Mpangilio wake wanaujua kabla hawajajua kusoma. Tangu siku ile fulana zetu tunazipanga hivyo: pindo la pembezoni kwanza, mji, yaani picha ya katikati, baadaye, na jina, yaani maneno ya kanga, mwisho.

Pindo huenda kwenye ncha ya chini na mikononi, na hapo mihuri ya jikoni inatosha. Bamia ukilikata kwa upana unapata ua la pembe tano. Liache dakika chache, ufute ute wake, la sivyo rangi itateleza. Kiazi mviringo kikate katikati, kikaushe kwa kitambaa, uchonge wewe umbo ambalo mtoto amelichora. Mwanangu wa pili huomba korosho kila mara, ile ya kwenye kanga. Rangi itiwe kwenye sponji iliyo ndani ya sahani, muhuri ugongwe hapo. Mtoto akichovya moja kwa moja kwenye kopo, ua linageuka doa. Na kabla ya yote ingiza kipande cha boksi ndani ya fulana, rangi isipenye hadi mgongoni.

Rangi ziwe za vitambaa, zile za kuchanganya na maji. Zangu za batiki hawazigusi, kwa sababu nazitengeneza kwa kostiki soda, nayo huunguza ngozi.

Mji ni wa mtoto mwenyewe. Usimshike mkono. Tukitoka kutembea ufukweni wanangu huja na picha za ngalawa, pweza, milango ya nakshi ya Mji Mkongwe wa hapa Bagamoyo; mara moja mmoja wao alikuja na mbuyu wa magofu ya Kaole wenye miguu. Nikauacha na miguu yake.

Jina liandikwe kwa brashi. Ukilichonga kwenye kiazi, herufi zitatoka kinyume.

Kisha subira. Hewa yetu ina unyevu, kwa hiyo iache fulana kivulini usiku na mchana, na wakati wa masika ongeza siku ya pili. Ikikauka kabisa, igeuze ndani nje, upige pasi kavu yenye moto wa pamba kwa dakika kama tano, ukiisogeza polepole. Moto ndio unaoifunga rangi kwenye nyuzi. Mwenye pasi ya mkaa atandike kitambaa juu, majivu yasidondoke. Pasi ni ya mtu mzima tu. Kaa siku tatu ndipo uifue, kwa mikono, kwa maji baridi, bado ikiwa ndani nje.

Ya binti yangu iko kwenye kamba sasa hivi, kati ya kanga mbili za bibi yake. Pindo la bamia la kijani, mji una samaki mmoja mkubwa, na jina alilitunga peke yake: NISUBIRI NAVAA VIATU.