Je, Tea Party Iliwasemea Wamarekani wa Kawaida?

Tarehe 19 Februari 2009, Rick Santelli wa kituo cha televisheni cha CNBC alikuwa amesimama katikati ya madalali wa soko la bidhaa la Chicago, akiushutumu mpango wa Rais Barack Obama wa kuwasaidia watu walioshindwa kulipa mikopo ya nyumba zao. Aliwageukia madalali wale akawauliza ni nani kati yao aliyekuwa tayari kumlipia jirani yake mkopo, nao wakazomea. Wengi wanaukumbuka wito wake wa kuandaa karamu ya chai mjini Chicago mwezi Julai, kwa kuwa wito huo ndio uliolipa jina vuguvugu zima la Tea Party, yaani “karamu ya chai”, la wahafidhina waliopinga matumizi ya namna hii ya fedha za umma. Mimi nimebaki na sentensi nyingine aliyoisema akiwa bado hewani: kwamba kwa makadirio yake, watu wale waliomzunguka walikuwa sampuli nzuri ya kitakwimu ya Marekani, yaani wale walio wengi wasiopaza sauti.

Kazi yangu kwa miaka mingi imekuwa kupanga tafiti za maoni na kuchagua sampuli, kwa hiyo sentensi ile siwezi kuipita. Mnunuzi wa mahindi anapofika ghalani huchoma bambo katika magunia ya mbele, ya katikati na ya nyuma kabisa, kwa sababu anajua kwamba gunia lililowekwa mlangoni huenda lilichaguliwa ili lionekane. Ukumbi wa madalali wa Chicago ulikuwa gunia la mlangoni. Hata hivyo, kuwa sampuli mbaya hakumaanishi kwamba maoni yenyewe hayakuwa na wenyewe kwingineko nchini, na ndiyo maana swali la kama vuguvugu hili liliwawakilisha Wamarekani wa kawaida linastahili kujibiwa kwa takwimu.

Hasira ile ilikuwa na chanzo kinachoeleweka. Oktoba 2008, Rais George W. Bush alitia saini sheria iliyotenga dola bilioni 700 za kuyaokoa mabenki. Februari 17, 2009, Obama akatia saini mpango wa dola bilioni 787 wa kufufua uchumi, na kesho yake akatangaza mpango wa nyumba wa dola bilioni 75. Mtu aliyekuwa amelipa deni lake kila mwezi bila kukosa, huku akishuhudia thamani ya nyumba yake ikiporomoka, hakuhitaji kushawishiwa na mtu yeyote ili aone kwamba fedha za umma zilikuwa zikiwaendea wengine. Waandamanaji wa kwanza walichukua alama yao kutoka Boston, ambako Disemba 16, 1773 wakoloni waliokataa ushuru wa Uingereza walitupa baharini makasha 342 ya chai. Kufikia Aprili 15, 2009, siku ya mwisho ya kuwasilisha hesabu za kodi, maandamano yalifanyika katika mamia ya miji.

Sasa tuje kwenye tarakimu. Mwishoni mwa Machi 2010, kampuni ya Gallup iliwauliza Wamarekani kama walijihesabu kuwa waungaji mkono wa Tea Party, wapinzani wake, au si hili wala lile. Asilimia 28 walisema wanaiunga mkono, asilimia 26 wakasema wanaipinga, na asilimia 46 hawakuwa upande wowote. Mwanzoni mwa Aprili, gazeti la New York Times na shirika la CBS nao walifanya utafiti wao, wakapata asilimia 18 tu ya waungaji mkono. Msomaji anaweza kudhani kwamba mmoja kati yao alikosea, lakini sivyo lazima iwe. Vuguvugu hili halikuwa na kadi ya uanachama wala daftari moja la majina kwa nchi nzima. Mtu aliulizwa ajiite jina ambalo mwaka mmoja na nusu kabla halikuwapo katika siasa za nchi yake, na katika hali kama hiyo maneno ya swali, idadi ya majibu anayopewa mhojiwa, hata swali lililotangulia, vinaweza kumsogeza mtu aliye kwenye ukingo. Pengo la asilimia 10 kati ya tafiti mbili zilizokaribiana hivyo kwangu ni habari yenyewe: linaonyesha kwamba kulikuwa na kiini kidogo kilichojitambua, na pembeni yake watu wengi zaidi waliokuwa wakiingia na kutoka kutegemea walivyoulizwa.

Gallup ilichapisha matokeo yake ikisema kwamba kwa umri, elimu na kazi, waungaji mkono hawa walikaribiana na Wamarekani kwa ujumla. Kwa kiasi fulani ilikuwa kweli. Wazungu wasio na asili ya Kilatini walikuwa asilimia 79 ya waungaji mkono, na asilimia 75 ya watu wazima wote. Lakini Wamarekani weusi walikuwa asilimia 6 badala ya 11, na waliojiita wahafidhina walikuwa asilimia 70 ilhali nchini kote walikuwa asilimia 40. Wafuasi wa chama cha Democrat walikuwa asilimia 8 tu. Mtu anaweza kufanana na jirani yake kwa umri na kwa shahada, kisha wakatofautiana kabisa kwenye sanduku la kura.

Watetezi wa vuguvugu walipenda kutaja kwamba asilimia 43 ya waungaji mkono katika utafiti huohuo walijiita wapiga kura huru, wasiofungamana na chama. Hapa nawaomba wasomaji wangu wawe waangalifu sana. Katika tafiti za Marekani, anayejiita huru huulizwa swali la pili: je, unaegemea chama gani? Wengi huegemea, na wanaoegemea hupiga kura karibu sawa na wanachama wenyewe. Katika kundi ambalo asilimia 70 ni wahafidhina, neno “huru” mara nyingi linamaanisha mtu aliyekasirishwa na chama cha Republican kwa kutokuwa kihafidhina vya kutosha.

Utafiti wa Times na CBS ulikuwa na ufundi ninaoupenda. Uliwahoji watu wazima 1,580, na kati yao 881 walikuwa waungaji mkono wa Tea Party. Atakayegawanya tarakimu hizo ataona kwamba ni zaidi ya nusu, wakati nimesema hapo juu kwamba walikuwa asilimia 18. Waandaaji waliwatafuta kwa makusudi wengi zaidi ili wapate idadi inayotosha kuchambuliwa peke yake, kisha katika hesabu ya nchi nzima wakawapunguzia uzito hadi kufikia sehemu yao halisi. Picha iliyotoka ilikuwa kali kuliko ile ya Gallup: asilimia 89 wazungu, asilimia 59 wanaume, asilimia 75 wenye umri wa miaka 45 au zaidi, wenye kipato na elimu kuliko wastani. Asilimia 92 waliamini kwamba sera za Obama zilikuwa zikiipeleka nchi kwenye ujamaa, huku kwa Wamarekani wote wakiwa asilimia 52.

Lakini utafiti huohuo ulionyesha mambo yasiyolingana na mabango ya barabarani. Asilimia 52 ya waungaji mkono walisema kodi ya mapato waliyolipa mwaka ule ilikuwa ya haki. Wengi wao pia waliona kwamba pensheni ya taifa ya Social Security na Medicare, bima ya afya ya wazee, zilistahili gharama zake. Kwa hiyo katika maisha yao wenyewe hawakuwa mbali na wenzao kama walivyodhaniwa. Walichokikataa ni fedha za umma kuwaendea watu waliowaona hawakuzitolea jasho.

Kuna tarakimu mbili ninazozithamini kuliko zote hizo. Wahojiwa waliulizwa kama maoni ya watu wa Tea Party kwa ujumla yalikuwa maoni ya Wamarekani wengi. Miongoni mwa waungaji mkono, asilimia 84 walisema ndiyo. Miongoni mwa Wamarekani wote, asilimia 25. Sidhani wale asilimia 84 walikuwa wakisema uongo. Mtu anayeishi mtaani na watu wa aina yake, anayesali nao, anayetazama nao kituo kimoja cha televisheni, kila anapochungulia nje anajiona mwenyewe, na hesabu anayoifanya kichwani ni hesabu ya sampuli ile ile ya Santelli.

Kama hawakuwa wengi, walipataje nguvu ile? Kwanza, hata kati ya hao asilimia 18, ni mmoja tu kwa kila watano aliyewahi kuchangia fedha au kuhudhuria mkutano, yaani kama asilimia 4 ya watu wazima. Asilimia 4 ni wachache katika utafiti, lakini ni wengi mno katika kura za mchujo, ambazo chama huzitumia kumchagua mgombea wake kabla ya uchaguzi wenyewe. (Watanzania huziita kura za maoni, na nasisitiza kwamba sizungumzii tafiti za maoni.) Septemba 2010, katika mchujo wa Republican wa kugombea Seneti jimboni Delaware, ambako wanaoruhusiwa kupiga kura ni waliojiandikisha kwa chama hicho tu, Christine O'Donnell, aliyeungwa mkono na Tea Party, alimshinda gavana wa zamani Mike Castle kwa kura takriban 30,500 dhidi ya 27,000. Novemba, mbele ya wapiga kura wote wa jimbo, alipata asilimia 40 na akashindwa na Chris Coons.

Kwingine walishinda kote kuwili, kama Rand Paul kule Kentucky na Marco Rubio kule Florida, na Republican wakaongeza viti 63 katika Bunge la Wawakilishi. Ila waliojitokeza Novemba ile walikuwa kama asilimia 41 ya wenye haki ya kupiga kura, baada ya takriban asilimia 62 mwaka 2008, na waliopungua zaidi walikuwa vijana. Wapiga kura walipohojiwa wakitoka vituoni, kama wanne kati ya kumi walisema wanaiunga mkono Tea Party. Ni vuguvugu lile lile lililokuwa na asilimia 18 au 28 katika tafiti za masika. Kilichobadilika zaidi ni nani aliyekuwa akihesabiwa.

Wapinzani walidai kwamba yote haya yalinunuliwa, wakitaja mashirika ya kihafidhina ya kitaifa kama FreedomWorks na Americans for Prosperity, ambayo kweli yaliyafadhili na kuyaratibu mengi. Naona dai hilo linawapuuza watu wa vikundi vidogo vilivyokutana kwenye maktaba na migahawa. Juni 10, 2014, Eric Cantor, kiongozi wa walio wengi katika Bunge la Wawakilishi, aliangushwa katika mchujo wa Republican jimboni Virginia na Dave Brat, mwalimu wa uchumi ambaye mashirika makubwa ya kitaifa hayakumpa msaada wa maana, bali vikundi vya mahali pale. Brat alipata kura takriban 36,000, Cantor 29,000. Miaka miwili kabla, Cantor alikuwa amechaguliwa kwa kura zaidi ya 220,000. Novemba 2014 Brat alishinda kiti, akaenda Washington kuwawakilisha wakazi wote wa eneo lile, wakiwemo wengi ambao siku ile ya Juni hawakutoka nyumbani.