Mandhari ya kihistoria ya barabara ya chuo ni nini?

Ni eneo zima, pamoja na namna vitu vyake vinavyohusiana: miti ya kandokando, nafasi kati ya uzio na lami, vijia ambavyo wanafunzi wamevichonga kwenye nyasi kwa miguu yao, na majengo yenyewe. Ukiondoa kimoja, vingine hubadilika maana.

Chukua Barabara ya Sokoine hapa Moshi, kilipo Chuo Kikuu cha Ushirika. Chuo kilianzishwa 1963, kikawa chuo kikuu kishiriki 2004 na chuo kikuu kamili 2014. Tarehe hizo zinasimulia taasisi tu. Barabara inasimulia zaidi. Jina lake linamkumbuka Edward Sokoine, Waziri Mkuu aliyefariki 1984 kwa ajali ya gari. Chuo cha ushirika kimekaa katika mji wa kahawa, nyumbani kwa KNCU, chama kikuu cha wakulima kilichoanza 1933. Na alfajiri, kabla mawingu hayajafunga, Kibo, kilele cha Mlima Kilimanjaro, hujitokeza upande wa kaskazini. Mwonekano huo nao ni mali ya mandhari: ghorofa moja refu likikaa vibaya, umeupoteza bila hata tofali kubomolewa.

Sheria yetu ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya 1863. Reli kutoka Tanga ilifika Moshi mwanzoni mwa karne ya 20, kwa hiyo karibu mji wote uko nje ya kinga hiyo, mpaka Waziri atangaze eneo fulani kuwa la kulindwa. Naona hilo ni pengo kubwa.

Kwingine wamekwenda mbele. Mwaka 2013, UNESCO ilipouandikisha Urithi wa Dunia wa Coimbra, Ureno, haikuishia kwenye chuo kikuu kilichoko kilimani. Mtaa wa Rua da Sofia, wenye vyuo vya karne ya 16, uliingia pia.

Wapo wanaouliza kama mjakaranda unahesabika, maana asili yake ni Amerika Kusini. Unahesabika, kwa sababu kuna aliyechagua kuupanda pale, na vizazi vya wanafunzi vimepita chini ya kivuli chake. Wala kutunza mandhari hakumaanishi kuzuia mabadiliko. Mti ukifa, panda wa aina ileile, shimo lilelile. Lami ikipanuliwa, mstari wa miti upimwe kwanza, kabla greda halijafika.