Msawazo wa Chembe Hupatikana kwa Ujirani

Mtu akifukiza udi kwenye kona ya chumba kilichofungwa madirisha, aliyeketi kona ya pili hukaa kitambo kabla ya kusikia harufu, ilhali molekuli za hewa ya chumba hicho hukimbia kwa kasi ya wastani inayokaribia mita 470 kwa sekunde. Mwaka 1858 mtaalamu wa hali ya hewa wa Uholanzi, Buys Ballot, alimhoji mwanafizikia Mjerumani Rudolf Clausius kwa hoja ya namna hiyo: ikiwa chembe za gesi zina mbio kiasi hicho, mbona moshi wa tumbaku huelea chumbani muda mrefu bila kutawanyika?

Clausius alijibu mwaka huohuo. Molekuli haikivuki chumba kwa mkupuo mmoja, bali husafiri umbali usiofikia sehemu moja ya elfu kumi ya milimita, ikagongana na nyingine na kugeuzwa njia, mabilioni ya mara kila sekunde. Haina habari ya chumba kizima. Sifa hii, kwamba kila chembe huathiriwa na zile zilizo karibu nayo tu, ndiyo tunayoiita hapa ujirani.

Chembe zilizomo katika kijisehemu kidogo cha hewa hugawana nishati na kutulia kwenye jotoridi moja, hali tunayoiita msawazo, baada ya migongano michache, yaani ndani ya muda unaokaribia sehemu moja ya bilioni ya sekunde. Ndiyo maana twaweza kusema kona hii ina nyuzi 30 na ile nyuzi 27, ingawa chumba chenyewe bado hakijasawazika. Kusawazisha chumba kizima ni kazi nyingine kabisa, kwa kuwa athari hupokezanwa hatua kwa hatua, mbele na nyuma, hivi kwamba umbali ukiongezeka mara mbili muda huongezeka mara nne. Katika hewa iliyotulia kabisa, mvuke wa maji husambaa sentimita 1 kwa sekunde 2 hivi, lakini mita 1 huuchukua zaidi ya saa 5. Udi hutufikia mapema kwa sababu moto wa chetezo huipandisha hewa na kuizungusha. Kwa maoni yangu kanuni hii ya mara nne inastahili kufundishwa mapema, maana ndiyo inayoeleza kwa nini pande la nyama lenye unene maradufu hukawia mno kuiva katikati.

Ujirani una nguvu hata katika ulimwengu wa kwantumu, yaani wa vitu vidogo mno kama atomi, wenye kanuni zake za pekee: mwaka 1972 wanafizikia wa hisabati Elliott Lieb na Derek Robinson walithibitisha kihisabati kwamba, katika mpangilio wa chembe zinazoathiriana kwa karibu tu, athari husambaa kwa kasi yenye kikomo.

Pale ujirani unapokosekana, mambo hugeuka. Nyota katika kundi huvutana zote kwa zote, za karibu na za mbali; kundi hilo likipoteza nishati, kitovu chake hujikunja na nyota zake huzidi kwenda mbio badala ya kupoa, na msawazo wa kudumu kama ule wa hewa ya chumbani haupatikani.