Injini ya Celica mpya: kabla ya farasi, niambie pistoni

Vijana wa kijiwe cha jirani na gereji yangu wana ugomvi mmoja usioisha: Celica mpya inayosubiriwa, gari la michezo la Toyota, injini yake itakuja na nguvu za farasi ngapi? Mmoja anashika 400, mwingine 600, wa tatu anazima mjadala kwa kusema itakuwa ya umeme. Wakichoka wananigeukia. "Fundi, wewe unasemaje?"

Mimi nabahatisha kama wao, ila naanzia kwenye chuma.

Mei 2024 Toyota walionyesha injini mbili mpya za silinda nne, lita 1.5 na lita 2.0, wakasema zimefupishwa kimo ili boneti iweze kushuka. Januari 2025, kwenye Tokyo Auto Salon, ile ya lita 2.0 yenye turbo (feni inayozungushwa na moshi na kuisukumia injini hewa) ikaonekana imekaa nyuma ya viti vya gari la majaribio, GR Yaris M Concept. Inaitwa G20E. Tangu siku hiyo wapenzi wa Celica na wa MR2, gari jingine la Toyota ambalo injini yake ilikaa katikati, wanaigombania kama mali ya urithi.

Sasa tupige hesabu. Injini ya GR Yaris na GR Corolla, G16E-GTS, ina silinda tatu, cc 1618. Tundu la silinda lina kipenyo cha milimita 87.5, na pistoni inapanda na kushuka milimita 89.7. GR Corolla ya Japani inatoa farasi 304, yaani kila silinda inachangia kama 101. Ongeza silinda ya nne, unafika 405. Basi 400 ya kijiweni haikuokotwa barabarani.

Tatizo ni kwamba ukiongeza silinda bila kugusa kingine unapata cc 2157. Kufika cc 2000, yaani lita 2.0, lazima upunguze tundu au safari ya pistoni. Mimi naweka dau kwenye safari: ukibaki na tundu la 87.5, safari inakuwa milimita 83 hivi. Bloku inafupika, na boneti inashuka kama walivyotaka. Tena pistoni inapumua: kwa mizunguko 7000 kwa dakika, mwendo wake wa wastani unashuka kutoka karibu mita 21 kwa sekunde hadi mita 19 na kitu. Nani anataka kuongeza presha ya turbo juu ya pistoni ambayo tayari inakimbia kupita kiasi?

Kwenye moshi ndipo vijana hawaangalii. Silinda tatu zinapokezana kulipuka kila nyuzi 240 za mzunguko wa krenki, mhimili unaozungushwa na pistoni, kwa hiyo kila moja inamaliza kutoa moshi wake kwa nafasi. Silinda nne zinapokezana kila nyuzi 180. Ya kwanza haijafunga valvu vizuri, ya tatu, ambayo ndiyo inayofuata kwa zamu, imeshafungua na kusukuma moshi wake kwa nguvu. Moshi huo unarudi ndani ya ile ya kwanza, na turbo inachelewa kuamka.

Dawa yake nimeishika kwa mikono hii. Mwaka jana niliifungua 3S-GTE, injini ya Celica GT-Four na MR2 za zamani, tundu 86, safari 86. Ukiitoa turbo yake na kuchungulia mdomo unaopokea moshi, unaona ukuta wa chuma katikati, mweusi kwa masizi, umegawa njia mbili. Silinda ya 1 na ya 4 zinapita huku, ya 2 na ya 3 kule, zisikutane hadi kwenye panga la turbo. Kwa injini ya aina hiyo Mkenya Ian Duncan alishinda Safari Rally mwaka 1994, ndiyo maana jina Celica kwetu lina uzito wake. Hata ile niliyoifungua ukuta wake ulikuwa umepasuka ufa mwembamba kama unywele, ugonjwa wa joto, na mwenye gari alikuwa akilalamika tu kwamba "siku hizi linachelewa".

Kwa hiyo dau langu: turbo moja yenye njia mbili, farasi kati ya 350 na 400 kwa gari la barabarani. Hiyo 600 waachie wa mashindano, ambao injini wanaifungua baada ya kila mbio. Kuhusu injini kukaa mbele au katikati ya gari, mimi naipa Celica mbele na magurudumu manne yanayovuta; ya katikati ibaki ya MR2.

Nilipowaambia hivyo, yule wa 600 alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama bei yake itazidi ya Crown.