Mkopo umetoka, ada bado: kusoma chuo binafsi Moshi na Arusha

Ninafanya kazi kwenye dawati la mikopo na ufadhili la chuo kikuu binafsi hapa Moshi. Swali ninaloulizwa kuliko yote ni "skolashipu zipo?" Zipo. Ila anayekuja na swali hilo peke yake hunipa wasiwasi kuliko yule anayekuja na karatasi ya hesabu na kuuliza, "Mkopo ukishatoka, nitabaki nadaiwa shilingi ngapi?" Huyu wa pili mara nyingi humaliza. Yule wa kwanza, nisipomuwahi, nitamkuta mwaka wa pili kwenye benchi la nje ya ofisi ya uhasibu, wiki ya mitihani, akiomba aruhusiwe kuingia ukumbini kwa ahadi.

Huku kwetu vyuo binafsi ni vingi na vingi vina mkono wa kanisa: Mwenge Katoliki na KCMC hapa Moshi, Makumira na Chuo Kikuu cha Arusha kule Usa River. Kando yake kuna vya umma, kama Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi na Chuo cha Uhasibu Arusha. Mzazi akiona vyuo vimekaribiana na kozi zina majina yanayofanana, anaamini mkopo utafanya kazi ileile popote mtoto atakapokwenda. Haifanyi. Chuo binafsi kinaishi kwa ada, kwa hiyo kinadai ada kwa ukali ambao chuo cha umma huenda kisiwe nao.

Tuanze na bodi, maana ndiyo inayobeba mzigo mkubwa. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004 na kuanza kazi 2005. Inakopesha Mtanzania aliyepata nafasi kwenye chuo kinachotambuliwa, cha umma au binafsi. Mkopo hauji kama fungu moja. Kuna sehemu ya ada, inayolipwa chuoni moja kwa moja na mwanafunzi haioni kwa macho. Kuna chakula na malazi, yaani bumu, ambalo tangu mwaka wa masomo 2022/23 linakokotolewa kwa shilingi 10,000 kwa siku badala ya 8,500. Kisha vitabu na viandikio, mafunzo kwa vitendo, utafiti, na mahitaji maalumu ya kitivo. Kila sehemu ina kiwango chake, na kiwango kinategemea uhitaji wako kama mfumo wa bodi ulivyouona. Ndiyo maana wawili wanaolala chumba kimoja na kusoma kozi moja wanaweza kupata pesa tofauti kabisa, na hakuna aliyemhonga mtu.

Sasa, kwenye ada ndipo mwanafunzi wa chuo binafsi anapoumia. Bodi haichukui ankara ya chuo chako na kuilipa kama ilivyo. Ina viwango vyake, na huangalia kozi kama hiyo inalipiwaje kwenye vyuo vya umma. Tuseme chuo chako kinatoza ada ya shilingi milioni mbili kwa mwaka, na bodi imekupa 1,100,000 ya ada. Pengo ni 900,000. Hapo hujagusa michango mingine ambayo kwenye karatasi ya ada huandikwa chini kwa herufi ndogo: 20,000 ya TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu, ya uhakiki wa ubora, bima ya afya 50,400, usajili, kitambulisho, mitihani, serikali ya wanafunzi, wakati mwingine na amana ya tahadhari. Tuseme hayo yote yanafika 300,000. Pengo sasa ni 1,200,000, na kwa kozi ya miaka mitatu ni 3,600,000. Kwa fani za afya, zidisha. Hiyo ndiyo namba unayoitafutia ufadhili. Kiasi cha ada kilichoandikwa kwenye tangazo la chuo kisikuchanganye.

Wengi hunijibu kwamba watalipa pengo kwa bumu. Nawaambia wapige hesabu ya chumba Longuo au Rau, mchele, nauli ya bajaji na bando, halafu warudi. Mara chache wanarudi na jibu lilelile.

Dirisha la maombi miaka ya karibuni limekuwa likifunguliwa Juni au Julai. Ada ya maombi ni 30,000, inalipwa kwa kontrolo namba. Unajaza kwenye mfumo kwa kutumia namba ya mtihani wa kidato cha nne ileile uliyoombea chuo, unachapisha fomu, inasainiwa na kugongwa mihuri serikali ya mtaa au kijiji na kwa hakimu au wakili, mdhamini anaweka sahihi na kitambulisho chake, kisha unapandisha kurasa zilizosainiwa. Ni kazi ya siku chache ikiwa nyaraka ziko tayari. Haziwi tayari. Cheti cha kuzaliwa lazima kihakikiwe na RITA, wakala wa serikali wa vizazi na vifo, na cha kifo pia kwa aliyefiwa na mzazi. Hapo ndipo majina yanapogoma. Nimeshika mkononi cheti cha kuzaliwa kinachosema Happyness na cheti cha kidato cha nne kinachosema Happiness, cha ubatizo nacho kina jina la tatu la bibi mzaa baba. Kwa mama yake ni mtoto yuleyule. Kwenye karatasi ni watu tofauti, na kunyoosha hilo kunahitaji kiapo au hati ya kubadili jina, na muda. Kidato cha sita wanamaliza Mei. Atakayelishughulikia jina Mei anakuwa amejiokoa. Atakayeligundua wiki ya mwisho ya dirisha ataniomba nimpigie mtu simu. Sina mtu wa kumpigia.

Kuna karatasi nyingine ambayo huku kaskazini ina uzito kuliko kwingine, na watu hawaijui. Arusha na Moshi zimejaa watoto waliosomeshwa shule za bei ghali za mchepuo wa Kiingereza na wafadhili: mgeni aliyepanda mlima na baba yake akiwa mpagazi, kituo cha watoto, parokia ya ng'ambo. Mfumo wa bodi unaangalia, pamoja na mengine, ulisoma wapi. Ukisoma shule ya mamilioni, unaonekana mtoto wa mwenye mamilioni. Kumbe nyumbani ni chumba kimoja mtaa wa Unga Limited, Arusha. Dawa yake ni barua ya aliyekulipia, inayosema alikulipia kwa sababu familia haikuweza, na inaambatanishwa wakati wa kuomba, si baadaye. Kama familia iko kwenye mpango wa TASAF wa kusaidia kaya maskini, hilo nalo lionekane. Kwa mwenye ulemavu, fomu ithibitishwe na mganga mkuu. Mfumo hauna macho ya kuona nyumba yenu; unaona ulichopandisha tu.

Na kwa kuwa nimewataja wafadhili wa kigeni, niseme ninavyowaona. Wamesomesha watu wengi sana hapa, na siwezi kuwabeza. Ila ni ufadhili wa mtu, na mtu anastaafu, anaugua, anaachana na mwenzi wake, anabadili mawazo. Mwaka 2020 utalii ulipokauka kwa sababu ya korona tuliona jambo hilo kwa pande mbili: mgeni haji, na baba kiongozi wa watalii hana safari. Kwa hiyo nikipata nafasi ya kuzungumza na mfadhili, ninaomba mambo mawili. Kwanza, barua inayotaja miaka yote ya kozi na kiasi cha kila mwaka, hata kama kiasi ni kidogo. Pili, pesa iende akaunti ya chuo, isipitie kwa mjomba. Simsemi vibaya mjomba wa mtu. Lakini pesa ya ada ikilala nyumbani wiki mbili hukuta msiba, paa au ng'ombe mgonjwa, na yote hayo ni mahitaji ya kweli. Mfadhili anayelipa chuoni anapata risiti, mwisho wa mwaka anaomba matokeo, na uhusiano unadumu zaidi kwa sababu hakuna anayemshuku mwenzake.

Vyuo vyenyewe navyo vina vifungu vyake. Kuna tuzo za waliofanya vizuri, punguzo kwa ndugu wawili wanaosoma pamoja au kwa watoto wa watumishi, kazi za muda maktaba, bustanini au kantini zinazokatwa kwenye deni. Waadventista wana mila ya siku nyingi ya vijana kuuza vitabu wakati wa likizo ili kutafuta ada, na nimewahi kukutana na kijana aliyejisomesha hivyo kwa kiasi kikubwa. Dayosisi na jimbo huweza kusaidia walio wao, hasa wanaosomea ualimu na uuguzi, lakini mara nyingi kwa sharti la kurudi kufanya kazi kwenye taasisi zao. Lisome sharti hilo kabla ya kusaini. Na ukiambiwa "punguzo la asilimia 25", uliza: asilimia 25 ya ada tu, au na michango? Ni kwa mwaka wa kwanza, au mpaka mwisho? Nikipata sapu moja, yaani mtihani wa kurudia somo, linaondoka? Binafsi napenda punguzo dogo la uhakika kwa miaka mitatu kuliko kubwa la mwaka mmoja, kwa sababu mwaka wa kwanza ukoo bado una hamasa ya kuchanga. Mwaka wa tatu ndio unakuwa mpweke.

Kuna ufadhili wa serikali ulioanza 2022, ule wa Samia, kwa waliofaulu vizuri zaidi masomo ya sayansi kidato cha sita na wanaokwenda kusoma sayansi, teknolojia, uhandisi, hisabati na tiba. Huo ni ufadhili, si mkopo. Majina hutangazwa kwa ufaulu, kwa hiyo anayekuambia atakuingiza kwa laki moja anaitaka laki moja. Bodi nayo haina wakala mtaani. Kwa shahada ya uzamili mambo ni tofauti. Mfuko wa Aga Khan, kwa mfano, hutoa nusu kama ruzuku na nusu kama mkopo, lakini hiyo ni habari ya siku nyingine.

Nirudi kwenye pengo, maana baada ya yote hayo huwa bado lipo. Mzee mmoja kutoka Rombo aliniambia, "Mwalimu, mimi kahawa yangu inalipwa Desemba, chuo kinataka pesa Oktoba." (Wazazi humwita kila mtu wa chuo mwalimu, hata mlinzi.) Nikamjibu, "Shikamoo mzee, basi tuandike hivyo hivyo." Barua ikasema: kiasi hiki cha ndizi Oktoba, hiki cha kahawa Desemba, kilichobaki Februari baada ya kikao cha ukoo. Ofisi ya fedha ikakubali. Vyuo vingi binafsi hukubali malipo kwa awamu ikiwa barua imefika kabla ya tarehe ya usajili na ina tarehe zinazoaminika. Barua hiyohiyo ikiletwa wiki ya mitihani inasomwa kama kisingizio. Na Desemba, wakati Wachagga wote wako nyumbani, nendeni kwenye kikao na karatasi yenye pengo la miaka mitatu. Ndugu huchanga vizuri zaidi wakiona mwisho wa safari kuliko wakiombwa kila muhula kwa dharura.

Ninachokikataa kabisa ni ada ya kausha damu, ile mikopo ya mtaani ya riba kali. VICOBA na SAKOSI, sawa, mkizijua riba zake. Lakini mama anayeweka friji na simu rehani ili mtoto apate namba ya mtihani ataanza kulipa kesho asubuhi, wakati mkopo wa bodi unasubiri mtoto amalize. Wapo wazazi wanaouogopa mkopo wa bodi kwa hadithi za zamani. Aliyeajiriwa anakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi, na ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani, iliyokuwa ikifanya deni lisiishe, ilifutwa 2021. Ni deni, ndiyo. Ila lina sura inayojulikana.

Ukishaupata, ulinde. Anayerudia mwaka hakopeshwi mwaka huo, na chuo binafsi hakitakusamehe ada kwa sababu hiyo. Ukiwa na sapu, matokeo yako huchelewa kwenda bodi, na bumu nalo linachelewa. Kusaini ili upokee pesa ya mkopo ni kwa alama ya kidole, kwa hiyo aliyeko Dar kwa shangazi hawezi kusainiwa na rafiki.

Kwa aliyekosa au aliyepata kidogo, bodi hufungua dirisha la rufaa baada ya kupanga mikopo. Rufaa inataka kitu kipya: cheti cha kifo kilichochelewa kuhakikiwa, barua ya mfadhili wa sekondari ambayo hukuiweka, ushahidi wa ugonjwa wa mzazi. Kuandika upya kwamba hali ni ngumu hakubadilishi kitu, maana aliye juu yako kwenye foleni ameandika hivyo pia. Njoo dawatini na nakala ya fomu uliyotuma mwanzo, siyo kumbukumbu ya ulichojaza. Tutaipitia ukurasa kwa ukurasa kutafuta muhuri uliokosekana.